Mng'aro wa Tufaha

Rafiki yangu, mchora matunda, aliwafundisha wanaoanza jambo moja kwa miaka thelathini: mng'aro wa tunda haupakwi rangi. Kabla hujalowesha brashi, tazama tufaha lako linapong'aa, kisha acha karatasi ibaki nyeupe mahali hapo. Ukikosea, rangi ya maji haina msamaha. Chukua karatasi nyingine uanze upya.

Macho yake yalipohitaji upasuaji, alimwachia darasa mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye yeye mwenyewe alimlea na kumfundisha kushika brashi. Alirudi baada ya miezi mitatu. Mezani akakuta matufaha ya plastiki, na kila mwanafunzi alikuwa akidonoa rangi nyeupe juu ya wekundu uliokwisha kukauka.

"Mjomba, watu hawana subira siku hizi," mpwa alimnong'oneza. "Matufaha halisi yananywea kabla hawajamaliza."

"Basi wayachore yakiwa yamenywea! Kwani tunda halina uzee?"

Mama mmoja mwenye aproni akageuka akicheka. "Mwalimu, babu huyu ni nani? Muuza matufaha?"

Rafiki yangu alisubiri. Neno moja tu lingemtosha.

"Ni mjomba wangu," mpwa akajibu. "Amepita kunisalimia."

Zamani mtu alimtaja aliyemfundisha kabla ya kujitaja mwenyewe. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapigi huku akitabasamu.

Rafiki yangu akavaa kofia, akawaaga wote kwa adabu, kama mgeni. Hajarudi tena, na mpwa hajatuma mtu kumuulizia.