Mashahidi Watatu wa Baggi

Watu watatu, nilimwambia. Si mmoja, si wawili. Watatu, wenye baggi la mchangani la aina ile ile, waseme kwa vinywa vyao na mie nipo nnasikia: "Hili langu likipotea leo, kesho nnanunua jengine kama hili hili." Ukiwapata hao, Baba Loai, kanunue, na mie sitotia neno.

"Watatu tu?" akaniuliza Thabit, macho yanamng'ara. Akenda kutafuta karatasi na rula, akapiga mistari: jina, tarehe, alilolisema. Mie nikafungua friji nikaingiza kichwa ndani nicheke, nikajifanya nnatafuta ndimu.

Ngoja kwanza nikwambieni huyu Thabit ni nani. Ni mume wangu, huu mwaka wa thelathini na nane, na Mungu ndiye anayejua nimeifikaje. Kazaliwa Unguja, kaja huku Oman na mama yake, yeye ana miaka tisa, Kiarabu chake wakati ule cha chuoni tu, cha kusomea juzuu. Kafanya kazi miaka thelathini na tatu kwenye wizara moja kule Maskati, idara ya mafaili. Barua ikija haina tarehe anairudisha. Akiendesha gari wanawe wanamwita Bwana Themanini, kwa sababu barabara ya mia na ishirini yeye hapandi juu ya themanini, na malori ya maji yanampigia honi yanampita. Mtu mwenyewe ndiye huyo.

Alipostaafu, wenzake walimpa yeye saa ya ukutani, na mie wakanipa yeye. Asubuhi yuko jikoni kwangu, jioni yuko jikoni kwangu. Katoa vikopo vyangu vyote vya viungo kavipanga kwa alifu, be, te, bizari mbele, hiliki nyuma kabisa, na mie nnapika nnapapasa kama kipofu. Anafunua masufuria. "Mama Loai, hii haijazidi maji?" Miaka yote hiyo nimempikia hajafa njaa, leo ananiuliza maji!

Basi siku moja Muatasim, mtoto wa dada yangu, akamchukua kwenye michanga ya Bausher alasiri. Muatasim ana baggi, vile vigari vya mchangani visivyo milango wala vioo, mabomba matupu yameunganishwa, viti viwili, na magurudumu makubwa kuliko gari lenyewe. Thabit akarudi kanzu yote mchanga, mchanga masikioni, mchanga kwenye ndevu, na anacheka. Wallahi, cheko lile sijalisikia tangu Loai anatambaa. Hakuvua hata viatu. Akasimama mlangoni akasema, "Nnalitaka. Kama lile lile la Muatasim, jekundu."

Muatasim akanivuta pembeni. "Khala, nilimwachia usukani. Ami anapanda kilima cha mchanga hata mguu hautoi kwenye mafuta!"

Thabit! Bwana Themanini! Mie nnaogopa, nnasema kweli. Nnaogopa kuletewa mume wangu kwenye gari la wagonjwa. Lakini nikimwambia nnaogopa atanipigapiga bega, atasema nitakwenda polepole, na nishasikia vipi anakwenda polepole. Ndio nikatumia akili.

Maana watu wetu nnawajua. Kitu mtu anakipenda hakisifu mbele za watu, kisije kikatiwa kijicho. Marehemu mama, ukimwambia mtoto kanenepa mashaallah, anakwambia kavimba tu huyo, ana homa. Ukisifu nyumba yake mpya, anakuonesha ufa. Sasa mwenye baggi analolipenda, atasimama mbele yangu na Thabit aseme angenunua jengine? Hata siku ya kiyama. Na Thabit mila hii anaijua, kakulia ndani yake, lakini huyu ni mtu wa mafaili. Kwake yeye lililosemwa limesemwa, linaandikwa.

Wa kwanza alikuwa Muatasim mwenyewe. Kaja Ijumaa kula, Thabit kaivaa miwani, kalamu mkononi. "Muatasim, baggi lako likipotea leo, ungenunua jengine kama hilo?"

"Ami, usiniulize!" Muatasim akashika kichwa. "Lile balaa. Kila siku gereji, kila siku limevunjika kitu. Ningejua nisingelinunua."

Thabit akaandika: hapana. Saa tisa juu ya alama Muatasim akainuka, hata chai hakungoja, anakimbilia Bausher na balaa lake. Mie nikamsindikiza mpaka mlangoni nikamtilia tende kwenye mfuko.

Wa pili, Khalil, jirani yetu hapa Ghubra, ukuta kwa ukuta. Baggi lake amelijengea kibanda, amelifunika kitambaa, amelitundikia Ayatul Kursiy na shanga ya buluu kubwa kama yai. Akaguna kabla hatujamaliza kuuliza. "Bora ningenunua ngamia, Bwana Thabit. Ngamia angalau unakula nyama." Mkewe, Kawthar, kasimama nyuma yake ananikonyeza. Keshaniambia zamani kwamba Khalil analifuta kwa fulana zake mwenyewe, na yeye humwambia akae nalo huko huko alale nalo.

Thabit akaandika: hapana.

Wa tatu, Murshid, anakaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, mtu wa nyumba kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Katukaribisha, katupa kahawa na halua, na hata sijatia halua mdomoni keshaanza. "Wallahi, Bi Masouda, likiibiwa leo kesho nnanunua jengine! Duniani hakuna baggi kama lile!" Thabit akanitazama vile watoto wanavokutazama walipopata mia kwa mia skuli. Mie moyo ulipiga pa! Nikasema lo, nimeshindwa na mbea mmoja.

Tulipotoka akatuonesha. Baggi limejaa vumbi, magurudumu yamelala, mavi ya ndege kwenye kiti. "Na kama mnalitaka hili hili," Murshid akasema, "chukueni leo leo. Nitakupeni na trela."

Kwenye gari Thabit akatoa karatasi, akaweka rula, akalikata jina la Murshid. "Huyu muuzaji," akasema. "Si shahidi." Alikwenda themanini mpaka Ghubra. Ndivyo alivyo. Angeweza kumhesabu, na mie nilikuwepo nimesikia kwa masikio yangu, lakini hadanganyi hata kwa faida yake. Inakera.

Nilidhani nimeshinda. Nimeshinda kweli, lakini nyumba ikawa kimya. Thabit haji jikoni. Amekaa kwenye kiti chake mbele ya televisheni iliyozimwa, mikono juu ya magoti. Siku tatu, wiki, wiki ya pili. Nikiita, anaitika. Nikimpa chai, anakunywa. Siku moja nikapika pilau nikaizidisha maji makusudi, ikawa kama uji, nikamtilia sahani imejaa. Nikangoja. Akala yote, akasema alhamdulillah, akarudi kitini. Iliniuma. Nilisimama na sahani ile mkononi nikasema moyoni, Masouda, umemfanya nini huyu mtu?

Lakini na mie nna kichwa changu. Sikurudi nyuma.

Siku ya Alhamisi akaniambia, "Breki za gari lako zinalia. Twende kwa Japheth." Japheth ni fundi wetu, Mkenya, ana mikono ya dhahabu na mdomo hauna breki. Gereji yake iko kule Ghala. Nikabaki ndani ya gari, kioo nimekishusha.

Pale gereji lilikuwepo baggi jekundu, la aina ile ile. Mwenyewe mwalimu wa skuli, kapiga magoti kwenye simenti anabandika taa za rangi chini ya viti. Thabit akakohoa. Akamuuliza swali lake, kwa adabu, kama anasoma barua ya serikali.

"Hili?" Mwalimu akafuta jasho. "Usiniulize, Ami. Hili limenitia wazimu. Sirudii tena maishani mwangu." Akarudi kubandika taa.

Thabit akaandika: hapana. Japheth alikuwa amelala chini ya gari langu, akajitoa na ubao wake wa magurudumu, akakaa kitako, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee, wacha nikuambie. Nyinyi watu mko na maneno! Hawa wa hizi gari wote wanakuja hapa wakilia. 'Japheth, hii kitu imenimaliza. Japheth, sitaki tena.' Halafu anaambia mimi, niwekee ekzosi mpya, nipakie rangi, niongezee taa. Sasa kama mtu hapendi kitu, anaipakia rangi ya nini? Yule hapendi, huyo hata siwezi kumwona hapa. Huyo yuko nyumbani anaisifu kwa simu, anatafuta mtu wa kuinunua."

Thabit akanigeukia polepole, akanitazama kupitia kile kioo nilichokishusha. Mie nikajishughulisha na mkanda wa gari, nikaufunga, nikaufungua, nikaufunga tena.

Njia nzima alikuwa anapiga mluzi.

Ijumaa wakaja watu kula: mtoto wetu Loai, Muatasim, Khalil na Kawthar. Kwetu tunakaa sote pamoja kwenye busati moja, kama Unguja. Nilipika biriani ya mbuzi, na sijioneshi lakini ilikuwa biriani. Watu wanakula, wanacheka, na Kawthar, mwanamke yule, anajitengeneza mtandio anasema kwa sauti ya asali:

"Mashaallah, Bi Masouda, wewe una bahati. Mume kama Bwana Thabit, katulia, hana makuu, anakusaidia mpaka jikoni. Ungerudishwa nyuma leo, si ungemchukua huyu huyu?"

Mdomo wangu haukungoja akili. "Huyu? Audhubillah! Usiniulize, Kawthar. Huyu adhabu. Anakoroma, anachokora masufuria, anaendesha gari kama anabeba mayai. Miaka thelathini na nane nimebeba mzigo. Simrudii, hata nipewe bure na halua juu yake!"

Watu wakacheka, na mie nikacheka, nikaona nimesema vizuri. Kisha nikaona Thabit hacheki. Keshaivaa miwani. Ile karatasi iko juu ya busati, baina ya sahani ya achari na jagi la maji.

"Mama Loai," akasema, pole pole kama kawaida yake. "Nataka unisaidie kuandika. Wewe ndiye uliyeweka sharti, na mie nnalifuata. Nna watu watatu hapa, Muatasim, Khalil na mwalimu. Wote wamesema kama ulivosema wewe sasa hivi, karibu neno kwa neno. Kama hapana ni hapana, basi baggi limekwisha, sitolitaja tena, na nimekusikia ulichosema. Lakini kama hapana zetu ni za namna nyengine, basi nna mashahidi watatu. Nikuandikie vipi?"

Muatasim kajaza mdomo wali hatafuni. Khalil anaitazama dari. Kawthar kainamisha kichwa na mabega yanamtikisika, na hapo nikafahamu nani kamfundisha lile swali lake. Atanijua yule mwanamke! Loai ananitazama, mtu mzima na ndevu zake, ananitazama kama mtoto anayengoja kuambiwa baba na mama wako vizuri au hawako vizuri.

Nilitaka kumrushia kijiko. Kanifunga kwa kamba yangu mwenyewe, mbele ya watu, kwenye biriani yangu! Nikitaka kumzuia asende kwenye ile michanga, niseme tu, ndiyo, hapana ni hapana. Neno moja tu, na nyumba nzima inalisikia.

Nikamtazama vizuri. Nilidhani nitakuta anacheka ndani ya ndevu, nipate pa kumkasirikia. Hakuwa anacheka. Kalamu iko juu ya karatasi, haijaandika kitu, na chini ya ncha yake kidoa cha wino kinazidi kukua. Miaka yote hii hajaniuliza swali lile, na mie sijapata kumjibu bila ya kuulizwa. Mtu wa mafaili, na faili hili alikuwa hajui lina nini ndani.

"Andika watatu," nikasema.

Hakuandika. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hapana mtu mwengine pale, "Una hakika?"

Nikamwambia ale, biriani inapoa, na asinitazame vile mbele ya watu.