Shahidi wa Tatu

Kila asubuhi, akishasali, dada mtu alijikokota hadi chumba cha marehemu kaka yake na kugusa kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye kompyuta.

Mguso huo ulikuwa muhuri. Hospitali ilikuwa na bloksheni yake, mnyororo wa kumbukumbu zisizofutika. Bohari ya dawa ilikuwa na wake. Minyororo hiyo haikujuana, kama majirani waliotengwa na ukuta. Hospitali ikiandika kwamba inahitaji dawa, bohari haikusikia mpaka mashahidi watatu wa katikati wahakikishe kwamba maandishi yamekaa imara, wayavushe, na kila mmoja atie muhuri wake. Mmoja akikosekana, ujumbe haupiti.

Kaka alikuwa wa tatu. Alipougua alimwelekeza dada yake: taa ya kifaa ikiwaka kijani, gusa; ikiwaka nyekundu, niite. Baada ya mazishi iliwaka nyekundu siku moja, naye akamwita kwa sauti kabla hajakumbuka.

Leo alikuja mmoja wa mashahidi wenzake kaka, ambaye marehemu alimwita Kobe kwa uzito wake wa miguu.

"Kobe! Ndiyo unafika msibani?"

"Nilikuwepo, dada. Wewe ndiye hukuniona." Akaikazia macho taa. "Nani anagusa hii?"

"Mimi. Ulitaka wagonjwa wakose dawa?"

"Kumbe! Sisi tulidhani alimwachia fundi fulani mpaka mrithi apatikane."

"Mbona hamkuuliza?"

Kobe alijikuna kisogo. "Muhuri ulikuwa unafika. Mnyororo haujui kifo, dada. Unajua muhuri."

Sasa shahidi mpya alikuwa tayari, Kobe akaeleza, lakini kanuni ilitaka anayeondoka ajitoe kwa muhuri wake mwenyewe.

"Ombi la kumtoa limeshawekwa. Gusa mara moja tu. Ila akitoka, harudi."

"Njoo kesho."

"Kesho utasema kesho kutwa."

"Leo Kobe ana haraka!"

Kobe alicheka, kisha akafuta macho kwa kiganja.

Dada mtu alikaa kitandani. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Mungu alikwisha kumwita kaka yake, na yeye kila asubuhi alikuwa akimvuta shati asiende.

"Ee Mola, mpumzishe," akasema. Akagusa.

Taa ilizimika. Punde Kobe alitazama simu yake. "Ujumbe wa kwanza umepita bila yeye."

"Dawa gani?"

"Hayo hatuyaoni, dada. Tunaona umepita tu."

Dada mtu akaitikia kwa kichwa, akajilaza palepale, mchana kweupe, viatu miguuni.