Pafini na Kamba ya Mguu

Mimi na ndege wa bahari hatukuwa na habari. Nimezaliwa upande wa Mumias, katikati ya miwa, na maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya Mto Nzoia ukiwa umefurika. Lakini mwaka ule nilipokuwa nafanya kazi ya nyumba Kileleshwa, ndege mmoja wa bahari aliingia jikoni kwangu akiwa ameandikwa kwenye kipande cha karatasi, na hakutoka mpaka alipovuruga kila kitu nilichokuwa nimejipangia.

Jikoni kwangu, nasema. Ilikuwa jikoni kwa mwajiri wangu, ghorofa ya tatu, ila yeye mwenyewe hakujua hata chumvi inakaa wapi. Alikuwa mtu wa Machakos, mfanyakazi wa serikali, mama mzuri asiye na makelele. Alitoka kabla jua halijachomoza na kurudi jioni miguu imevimba. Alikuwa na binti mmoja, miaka tisa, aliyeniita Anti.

Mimi pia nilikuwa na binti mmoja wa miaka tisa. Wangu alikuwa nyumbani Mumias kwa mama yangu, nyanya yake aliyemwita Kukhu, na nilimwacha akiwa na miaka minne. Asubuhi ile ya kuondoka aling'ang'ania leso niliyojifunga hata mama akashindwa kumbandua. Nikachuchumaa nikamwambia, "Nitakuja kukuchukua kabla hujawa mkubwa." Akaniangalia, akapima maneno yangu, akaachilia. Nilisema tu, kama mzazi yeyote anavyosema ili leso yake iachiliwe.

Tuliishi kwa vifurushi vya basi. Kila shule zikikaribia kufunguliwa nilituma katoni: sabuni, sukari, madaftari, sweta, na viatu vyeusi vya shule. Na kila muhula ukiisha mama alinirudishia mfuko wa njugu karanga, na ndani ya njugu, kamba. Kamba hiyo ilikuwa mguu wa mtoto. Mama alimsimamisha kwenye sakafu, akanyoosha uzi wa katani kutoka kisigino hadi kidole gumba, akakata. Namba za viatu hakuziamini hata kidogo. "Namba ni ya kiwanda," alisema, "mguu ni wa mtoto."

Basi nilikuwa naenda na kamba yangu mpaka Dagoretti Corner, kwa duka moja la viatu, nanyoosha kamba ndani ya kiatu, naongeza upana wa kidole changu gumba ili mguu upate nafasi ya kukua. Muuzaji alinizoea. "Mama, siku moja si ulete mtoto?" aliniuliza. Nikamwonyesha kamba. "Mtoto ndiye huyu." Tulicheka wote wawili. Leo nikikumbuka kile kicheko naona haya.

Kamba zote nilizitunza kwenye mkebe wa majani chai. Desemba mbili mfululizo sikwenda nyumbani kwa sababu mwajiri alikuwa na wageni, kwa hivyo zile kamba ndizo zilizokuwa macho yangu. Nikazilinganisha siku moja nikaona za mwisho tatu ni sawasawa, hakuna hata moja iliyozizidi nyingine. Tena ncha zao hazikuwa zimekatwa kwa kisu, zilikuwa zimetafunatafunwa. Nikasema ni panya, kwetu panya ni wengi. Na kuhusu urefu, aisee, nilifurahi! Niliona mguu umeamua kupumzika kidogo. Nikanunua viatu vya kipimo kilekile, nikatuma, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Sasa huyo ndege. Mwalimu aliandika majina ya ndege kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kopo, kila mtoto akachota chake. Wazazi ndio walitakiwa kumtengeneza huyo ndege, maana siku hizi mtoto ndiye anayesoma lakini homuwaki ni ya mzazi, na kama mzazi yuko ofisini homuwaki ni ya Anti. Mtoto alirudi amenuna.

"Wenzangu wamepata heroe, wamepata mbuni. Mimi nimepata pafini. Anti, pafini ni nini?"

"Mimi nitajuaje? Uliza hiyo tableti yako."

Akasoma, mimi nikakanda magazeti kwenye uji wa unga wa ngano ili nifinyange mwili. Kumbe kuna pafini wa aina kadhaa, na wa kwake alikuwa yule mwenye vishungi, anayezurura bahari kubwa ya kaskazini. Mweusi tititi, uso mweupe, mdomo mnene wa rangi ya chungwa, na nyuma ya macho shungi mbili za manjano zilizolazwa kisogoni. Shungi nilizipata haraka, nilikuwa na rasta za kusukia za manjano zilizobaki Krismasi. Mdomo nikaukata kutoka kwenye kifuniko cha ndoo ya mafuta ya kupikia. Nilianza kumpenda, mjinga mimi.

"Anakaa baharini karibu mwaka mzima," mtoto akasoma, "mbali mpaka haoni nchi kavu. Akisikia njaa anapiga mbizi. Chini ya maji anapiga mbawa ni kama anaruka. Anashika ngisi, anashika samaki wadogo, anameza hukohuko."

"Huyo anajijali," nikasema.

"Subiri, Anti. Akipata mtoto hamezi. Anapata mtoto mmoja tu. Anaenda mbali, anakamata samaki, anawapanga kwa mdomo wakiwa wamelala hivi." Akaweka penseli mdomoni, imekingama. "Wengi! Anawabana na ulimi ndiyo aendelee kukamata wengine. Halafu anawapeleka kwa shimo. Mtoto ako ndani kwa shimo, gizani."

Nilikuwa na omena kabatini. Nikawapanga kwenye ule mdomo wa plastiki, vichwa upande huu, mikia upande ule, na gundi kidogo. Wakapendeza.

"Na akishawapeleka, anakaa na mtoto?"

Akapitisha kidole kwenye tableti. "Hakai sana. Anaweka samaki anarudi baharini." Akafikiri. "Anti, huyo mtoto anajua sura ya mama yake?"

"Atajuaje, na ni giza?"

"Kwa hivyo anajua tu samaki."

Nilikuwa nimeshika omena mmoja na vidole vikakataa kumbandika. Yeye akaendelea kusoma, hana habari. Kifaranga akishaota manyoya ya kutosha, alisema, hutoka shimoni usiku mmoja akiwa peke yake, akashuka mpaka majini akaenda zake. Hasindikizwi na mtu.

"Sasa mama akikuja na samaki atapata shimo tu? Hapa hawajaandika."

"Paka hiyo rangi!" nikafoka. "Maswali, maswali! Rangi inakauka!"

Maskini, akashtuka. Hakuwa na kosa. Nilikuwa nimemkasirikia ndege wa magazeti.

Siku mbili baadaye mama akapiga simu mchana, saa ambayo huwa hapigi. Hakuuliza hali. "Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule. Anachechemea. Ukucha wa kidole gumba umeng'oka. Hivyo viatu ulivyotuma vimemla vidole."

"Si nilinunua kwa kamba yenu?"

"Kamba nilipima mwenyewe."

"Basi kamba ilikuwa fupi, Mama. Au macho yako, au panya wenu..."

"Macho yangu!" Mama akapandisha sauti. "Mimi niko hapa na macho mabaya, na ninamwona. Wewe mwenye macho mazuri unamwona? Asiyekuwepo na lake halipo." Akakata.

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, kwenye vikao na kwenye ugawaji wa nyama, na haijawahi kunigusa. Siku hiyo ilinipasua. Nilisimama kando ya mlango wa jikoni, na kwenye fremu ya ule mlango kulikuwa na mistari ya penseli niliyoichora mwenyewe, kila mwezi mmoja, kupima urefu wa binti wa mwajiri wangu. Jino lake lililokuwa linatikisika nililijua. Namba ya kiatu chake niliijua bila kuuliza mtu. Wangu nilimjua kwa uzi. Nililia, halafu nikasikia sufuria ya wali inaungua, nikafuta uso nikaenda kuishusha. Na hapohapo kwenye jiko, kabla hata sijazima gesi, nikaamua. Muhula ule ulikuwa wa mwisho wa mwanangu kukaa mbali nami. Nani atasema nini, ningejua mbele ya safari.

Jumapili mbili nikitoka kanisani sikurudi kupumzika. Nilizunguka nyuma ya Dagoretti Corner mlango kwa mlango, nikapata chumba kimoja chenye dirisha. Siku moja ya kazi nikaenda mtaa wa Jamhuri nikauliza habari za shule ya serikali, nikaambiwa niende na mtoto na barua ya shule anakotoka. Kumbe ilikuwa hivyo tu. Miaka mitano nimekaa naogopa mlima, kumbe ni kichuguu.

Kilichobaki kilikuwa mwajiri. Kwake mimi nililala hukohuko kazini, na hilo ndilo alilolipenda kuliko kupika kwangu. Jumamosi asubuhi, akiwa ameketi na chai, nikavua aproni kwanza. Sikutaka kuongea nikiwa na aproni.

"Madam, muhula ukifungwa namleta mtoto wangu. Nitaanza kufanya kazi nikilala kwangu."

Akaweka kikombe. "Haiya! Hivi ghafla? Na wewe unajua vile tunakutegemea?"

"Najua."

"Watu wengi huacha watoto nyumbani na wanalelewa vizuri. Mimi mwenyewe nililelewa na nyanya yangu."

"Na mama yako alikuwa anakuja?"

Akanitazama. Nilijua nimevuka mpaka, lakini sikurudi nyuma. "Asubuhi nani ataamsha mtoto?" akauliza, na sauti haikuwa ile ya kwanza.

"Saa kumi na mbili kamili nitakuwa kwa mlango. Wangu ataenda shule na mtoto wa jirani, nimeshaongea na huyo jirani."

"Na nikisema haiwezekani?"

"Basi nitafunga mzigo wangu bila ugomvi, madam. Lakini kabla sijatoka nitakuonyesha chumvi inakaa wapi."

Yeye akaangalia chini, mabega yakatikisika, nikadhani amekasirika, kumbe anacheka. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akajipangusa jicho. "Tujaribu mwezi mmoja," akasema. "Saa kumi na mbili, si na dakika tano." Nikavaa aproni yangu.

Pafini, mkitaka kujua, alipata maksi nzuri na sifa za mwalimu, lakini alirudi bila samaki. Waliachwa darasani mwisho wa wiki, na paka wa shule hajui homuwaki ni nini.

Nilifika nyumbani saa nne asubuhi siku ya pili baada ya shule kufungwa. Binti yangu alikuwa anaanika mahindi uani, miguu mitupu. Alikuwa mrefu. Jamani, alikuwa mrefu! Niliangusha mfuko nikafungua mikono. Yeye akafuta mkono wake kwenye gauni, akaja polepole, akanipa mkono. "Karibu," akasema. Akaingia ndani, akaniletea kiti, akaniletea maji ya kunawa, akayamimina kwa adabu anavyomiminiwa mgeni. Nilinawa. Ningefanya nini?

Mama alikuja akatuona tumekaa hivyo, akaghairi maneno aliyokuwa ameyaweka tayari. "Chai iko," akasema tu, akaenda jikoni.

Nikamwambia mtoto tunaondoka wote, mimi na yeye, na kabla ya basi tutapitia mjini Mumias tununue viatu. Akainuka, akatoa uzi wa katani kwenye dari, akauleta pamoja na kisu, akasimama sakafuni mbele yangu kama alivyozoea kusimama. Nikapiga magoti. Kidole kilikuwa kimepona lakini ukucha mpya ulikuwa mdogo, mwekundu. Nikanyoosha uzi kutoka kisigino, na ulipofika kwenye kidole gumba nikatoa mkobani moja ya zile kamba tatu nilizobeba ili nimwonyeshe mama. Nikazilaza pamoja. Ya zamani ilipungua vidole viwili.

"Hii," nikasema, "panya gani aliitafuna?"

Akakunja vidole vya mguu. "Si panya."

"Ni nani?"

"Ni mimi. Kukhu akishapima, ananipa niweke kwa njugu. Nilikuwa natafuna kidogo."

"Kwa nini, mama? Si ulijua viatu vitakuwa vidogo?"

Kwa mara ya kwanza tangu nifike akaniangalia usoni, vilevile alivyoniangalia siku ile ya leso.

"Si ulisema utakuja kunichukua kabla sijawa mkubwa."

Nilimshika miguu yote miwili hapo sakafuni nikalia, na yeye hakujua la kufanya, akaweka mkono kichwani mwangu, mwepesi kwanza, halafu mzito. Uzi ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikauweka chini pamoja na kisu.

"Hatukati," nikamwambia. "Tutaenda dukani na mguu wenyewe."