Siku Tisa Bila Redio

Bwana yangu Nsengimana iko fundi wa redio. Alizaliwa mu milima ya Masisi, mu mashamba ya maharagi, lakini jembe halikumupenda. Miaka kumi na mbili alitengeneza redio za watu pale Mubi, mpaka sifa yake ikamuletea kazi ya ajabu: watu wa université walimuomba awajengee antene ya kusikiliza mbingu. Eti kuna sauti ndogo ingali inasafiri tangu wakati nyota za kwanza zilianza kuwaka. Nikamuuliza, "Papa Estelle, watu wanakimbia vita, we unatafuta sauti ya nani?" Akacheka tu.

Tukahamia Itebero, mu pori, kwani kule simu hazishiki. Miezi saba alikunja mabati, akatandaza waya chini, akaunga kila kitu kwa mikono yake. Kikabaki kitu kimoja: siku tisa bila kelele. Kumbe hata redio yenye kusikilizwa polepole inatoa kelele yake, na antene inaisikia. Nyumba zote sita za jirani ziliapa juu ya Biblia kuzima redio.

Mimi sikutaka. Mama yangu, Mukankusi, alikuwa mugonjwa kule Masisi, na habari ilitufikia kwa njia moja tu: komunike ya redio ya saa sita, pale wanasoma majina ya wafu. Kwetu, mutoto wa kwanza njo anatupa udongo wa kwanza ku kaburi ya muzazi. Mutoto huyo ni mimi.

"Na kama anakufa mu siku hizo?"

"Mama Estelle, siku tisa tu. Mama iko na nguvu."

Na mimi mujinga nikatoa majiwe ya betri mu redio yetu.

Siku ya kumi akafungua mashini yake, ile yenye kuchora mustari wa kila kelele antene inasikia. Mustari ulikuwa umelala vizuri, ila siku ya ine, saa sita kamili, ulisimama kama mwiba. Akanigeukia mukali: "Ni wewe?"

"Mimi? Mimi mwenye mama mugonjwa? Usinichokoze!"

Akachora ule mustari kwenye karatasi, tukapita nyumba kwa nyumba. Mama Emérence, jirani wa mwisho, aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akakaa chini mu udongo.

"Dada, nisamehe. Nilifungua redio kidogo tu. Nilisikia jina la mama yako. Walisema watakungojea siku tatu mbele ya kumuzika. Nilikuwa nimeapa juu ya Biblia, nikaona haya."

Yesu wangu! Siku tatu! Na pikipiki ningefika kwa mbili. Wakubwa walisema mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Huyu alificha kilio chenyewe. Nililia mpaka sauti ikakauka, na sikumusamehe, wala yeye, wala bwana yangu.

Nsengimana alitaka kupasua ile karatasi. Nikamunyanganya.

Alituma kazi yake kwa université, na nyuma ya wiki mbili ikajibu: kazi iko safi sana, ila kelele ya siku ya ine ni uchafu, wataifuta. Alinisomea barua bila kuniangalia. Karatasi yangu iko mu Biblia, nimeandika juu ya ule mwiba: Mukankusi, saa sita.