Kinyozi Polepole na Neno Lililomkwama Kooni

Mtaani walimwita Polepole, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa kinyozi. Kichwa ambacho kinyozi mwingine angekimaliza huku akipiga mluzi, yeye alikizunguka kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Ananyoa kidogo, anarudi nyuma, anakitazama kwa jicho moja, anaguna, halafu anakijia kwa upande mwingine. Mteja aliyeingia ameshiba alitoka tumbo likinguruma.

Lakini hakuna aliyemhama, maana Polepole alikuwa na mdomo. Mpira, siasa, bei ya saruji, jino lililomsumbua shemeji yake, kuku wa jirani anayetaga upande usio wake wa ukuta: yote aliyamwaga huku mashine ikinguruma, na vijana waliokaa kwenye benchi kusubiri zamu walicheka mpaka wakasahau walifuata nini.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumfunga mdomo. Huyo alikuwa mama mkwe wake, aliyehamia kwao goti lilipoanza kumsumbua, na ambaye kila alasiri alipita dukani kulinyoosha goti na kukagua hali ya mkwewe. Akitokea mlangoni, Polepole anazima redio, anasimama wima kama askari wa gwaride na kuongea kwa sauti ya mgonjwa. Hata chafya aliimeza. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, alimwambia mara nyingi, "Mume wangu, yule ni mama yangu tu, si mkaguzi wa serikali." Haikusaidia.

Basi siku moja nesi mkuu wa kituo cha afya alimleta mwanawe kunyolewa. Nesi huyu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kujikaza. Alikaa benchini, akasubiri, akasubiri tena. Mwanzoni alikasirika. Baadaye akaanza kuwatazama vijana waliojazana mle ndani, na kitu kikamgonga kichwani.

"Kinyozi," alisema, "hawa vijana wanaletwa hapa na nini?"

"Nywele, nesi."

"Yule pale ana upara."

Polepole akamtazama yule kijana. Kweli, alinyolewa juzi, akarudi kupiga soga.

Nesi akamweleza shida yake. Kisonono na kaswende vilikuwa vimeenea kwa vijana wa mtaa, na vijana wenyewe kituoni hawakanyagi. Wakija, wanakuja wamechelewa, wanasema wanaumwa kichwa. Mabango ya ukutani yamepauka, na yeye mwenyewe anaweza kuhamishwa wakati wowote. "Nikiondoka, elimu yote inapanda basi pamoja nami," alisema. "Nataka ibaki hapahapa, kwa watu ambao vijana wanawasikiliza. Nimeshampata msusi wa saluni ya jirani, kocha wa timu ya mtaa, na mama muuza vocha pale kituo cha mabasi. Na wewe."

Polepole alivimba kichwa. Alikubali hata kabla hajauliza elimu yenyewe itasemwa kwa maneno gani.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa kituo cha afya. Mwenyekiti wa mtaa, mzee wa koti na heshima zake, alikuja kuyafungua, kisha akabaki kwa ajili ya chai. Seremala naye alikuwa ameagizwa kwa simu alete miti ya kufundishia: laini, minene kiasi, yenye kichwa cha mviringo. Hakuambiwa ni ya kufundishia nini. Akaleta mzigo mzuri ajabu, umepigwa vanishi unang'aa, kila mti na skrubu yake chini.

Msusi aliugeuzageuza mmoja. "Nesi, hii ni miguu ya kochi."

"Naona," alisema nesi. "Tutaitumia hivyohivyo."

Akawaonyesha hatua kwa hatua jinsi kondomu inavyovaliwa: unaangalia tarehe kwenye pakiti, unaifungua kwa vidole wala si kwa meno, unabana ncha hewa itoke, ndipo unaivisha mpaka chini. Msusi akafanya bila wasiwasi. Kocha akafanya. Mama muuza vocha akafanya huku anaongea na simu. Zamu ya Polepole ilipofika, kijasho chembamba kikamtoka. Mikono iliyozoea kupitisha wembe nyuma ya masikio ya watu ikahangaika na pakiti.

"Sema unachokifanya," nesi alimwambia. "Ndivyo utakavyowaeleza vijana."

"Sasa nachukua... kon... kon..." Polepole alimeza mate. "Nachukua kontena."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Kwa haraka ya kutaka aibu iishe, akaivuta ile kondomu kwa nguvu juu ya mguu wa kochi. Ikanyooka, ikateleza, ikaruka, ikapita juu ya vichwa vya watu na kutua chubwi ndani ya kikombe cha mwenyekiti. Mwenyekiti alichungulia kikombeni, akachukua kijiko, akaitoa, akaiweka kwenye kisosi.

"Endeleeni," alisema. Ila chai hakuimalizia.

Siri ya Polepole ikawa imefichuka. Mtu aliyeweza kusimulia jino la shemeji yake kuanzia asubuhi hadi jioni alikuwa hawezi kulitamka neno kondomu. Magonjwa aliyaelewa, dalili alizielewa, hata maswali ya nesi aliyajibu vizuri kwa kuandika. Ila mdomoni, lilikwama.

Akarudi nyumbani na cheti chake na mguu wake wa kochi. Cheti alikitundika. Mguu aliuficha nyuma ya kabati la vyombo, na kesho yake akamkuta mama mkwe anapondea vitunguu saumu.

"Baba, huu umeutoa wapi? Mzuri kweli. Unakaa mkononi."

Polepole akajifanya anatafuta kikombe. "Nimepewa na... na serikali, mama."

Mchuzi wa jioni ile aliula akiwa amefumba macho. Mkewe, aliyehadithiwa kila kitu chumbani, alilazimika kutoka nje mara mbili akisingizia kikohozi.

Dukani akaamua kutafuta njia ya kuzunguka. Kwani lazima neno lenyewe? Akachagua mwavuli. Kila kijana aliyekaa kitini alipewa nasaha ileile, kwa sauti ya chini, karibu na sikio: "Sikiliza, mdogo wangu. Usiende kwa mpenzi wako bila mwavuli. Mvua haipigi hodi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Walikuwa na haki ya kusema hivyo, maana kwa Kiswahili chao wameelewa. Na kwa kuwa kilikuwa kiangazi kikavu, mbingu haina hata wingu la kuazima, mtaa ukaanza kushangaa. Vijana wanapita jua la utosi wamebeba miavuli. Muuza miavuli wa sokoni, aliyekuwa anafikiria kugeukia viatu, akapata uso mpya. Polepole aliwaona, akadhani ni mtindo umeingia mjini.

Aliyemfumbua macho ni kijana mchomeleaji, mtu wa karakana ya mageti, mwaminifu kiasi kwamba ukimwambia subiri hapa anasubiri mpaka umsahau. Aliingia siku moja duka likiwa tupu, akakaa kitini kwa tako moja, akauegemeza mwavuli ukutani.

"Kaka Polepole, mimi ushauri wako naufuata."

"Vizuri sana."

"Naenda nao kila siku. Hata mama yake yule dada ameuliza kama naumwa na jua."

"Eh?"

"Sasa mbona nikikojoa ni kama nakojoa pilipili? Na kuna usaha."

Mashine ilizimika mkononi mwa Polepole. Akautazama mwavuli. Akamtazama kijana. Akautazama tena mwavuli, mweusi, mpya, umekunjwa kwa heshima zote, na moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu. Hapo hakikuwepo cha kuchekesha. Kijana alikuwa ameogopa, midomo imemkauka, na kosa halikuwa lake.

"Inuka, mdogo wangu," alisema. "Twende wote."

Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hata msiba haukuwahi kumfanyisha. Nesi hakumcheka yeyote. Alimpima kijana, akampa dawa na kumwambia azimalize zote hata akijisikia nafuu, akae mbali na mambo hayo mpaka apone, na amlete na mpenzi wake atibiwe, la sivyo watarudishiana ugonjwa kama mpira wa tenisi. Akapendekeza na kipimo cha virusi vya ukimwi. Majibu yakatoka kwamba hana, na nesi akampangia siku ya kurudia kipimo. Kijana akashusha pumzi ambayo huenda aliishika tangu asubuhi.

Ndipo nesi alipomgeukia Polepole. "Mwavuli?"

"Nilidhani ni lugha ya heshima."

"Heshima ni kumwambia mtu kitu akakielewa. Nenda kafanye mazoezi."

Akaenda kufanya mazoezi. Alikata kauli, na Polepole akikata kauli hata yeye mwenyewe anashangaa. Alasiri ileile alishusha pazia la duka, akasimama mbele ya kioo, akaona haiwezekani: watu wanaopita nje watamsikia. Akapata wazo. Akawasha mashine zote za kunyolea, akawasha feni, akawasha kikaushio cha nywele alichokuwa ameazimwa na msusi, akafungulia redio mpaka mwisho. Duka likanguruma kama kiwanda cha unga. Akajipiga kifua.

"Kon..." alinong'ona. Hakujisikia hata mwenyewe. Akapata moyo. "Kondo... Kondomu." Paa halikuanguka. "Kondomu!" Akaanza kuona raha. "Kaswende! Kisonono! Usaha! Vaeni kondomu!" Akanyoosha mikono kama kiongozi kwenye mkutano wa hadhara, akavuta pumzi mpaka tumboni, tayari kwa ukelele wa maisha yake.

Na umeme ukakatika.

"KONDOMUUUU!"

Redio kimya, feni kimya, mashine kimya, mtaa mzima kimya, kwa kuwa umeme ulikatika kwa wote. Neno lilitoka peke yake, likavuka barabara, likagonga ukuta wa bohari na kurudi. Polepole akatazama kwenye kioo. Nyuma yake, pazia limefunguliwa na mkono wa mtu. Mama mkwe amesimama mlangoni, fimbo yake ya kutembelea mkononi.

Alitamani ardhi ipasuke immeze, na kile kiti cha kunyolea pia.

"Baba," alisema mama mkwe, taratibu, "nimesikia. Na wa sokoni wamesikia. Sasa malizia."

"Nimalizie nini, mama?"

"Umeita kitu kwa nguvu hivyo, kisha huelezi? Watu wamesimama huku nje."

Ni kweli walikuwa wamesimama. Mafundi wa karakana, wateja wa msusi wenye nywele nusu zimesukwa nusu bado, wanafunzi wa chuo cha ufundi waliokuwa wanapita. Polepole akatoka hadi kizingitini. Akafungua kinywa akitarajia kigugumizi, na kigugumizi hakikuja. Kingekuja kufanya nini? Aibu yote iliyokuwepo mtaani ilikuwa imeshatumika.

Akaeleza. Alieleza kama anavyonyoa, polepole, akizunguka kila upande, kitu kwa jina lake. Kijana mmoja akauliza kama kuosha kwa soda kunazuia. Polepole akamwambia soda ni ya kunywa. Msichana wa saluni akauliza je, mtu anaweza kuwa na ugonjwa bila dalili yoyote, na msusi akadakia kutoka mlangoni mwake kwamba ndiyo, tena hasa wanawake, ndiyo maana watu wanapimwa. Mwanafunzi akataka kuonyeshwa inavyovaliwa.

"Nina mti wake nyumbani," alisema Polepole, halafu akajuta.

Mama mkwe akamgeukia. Rangi ya uso wake ilibadilika mara kadhaa, kama anayepitia milo yote aliyopika tangu siku ile.

"Ule wa vitunguu?"

"Samahani, mama."

Mama mkwe alianza kutikisika mabega. Wakamkimbizia kiti wakidhani amezidiwa. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, mpaka akaangusha fimbo. Jioni ile seremala alimchongea mchi wa kweli.

Nesi alihamishwa kweli mwaka uliofuata. Aliyefundisha kundi jipya alikuwa Polepole akisaidiana na msusi, na mchomeleaji, mzima kabisa na mpenzi wake naye ametibiwa, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Vijana wakaanza kufika kituoni mapema, wengine wakiongozana wawili wawili, wakisema wazi wanachoumwa.

Tabu ilibaki nyumbani kwake tu. Mama mkwe alinogewa na elimu, na maswali yake yalikuwa yanamjia mezani.

"Baba, kile kidonda cha kaswende, umesema hakiumi hata kidogo?"

"Hakiumi, mama. Ndiyo maana mtu anakipuuza."

"Na ukubwa wake kama nini? Kama hii dengu?"

"Mama!" mkewe alisema, akisukuma sahani. "Watu wanakula!"

"Wewe kula," alisema mama mkwe. "Sisi tuko kazini."

Polepole akanawa mikono, akavuta kiti karibu, akaanza kueleza.