Dobi na Pumzi ya Mwanawe

Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti. Mawingu yalitanda tangu asubuhi, manyunyu yakija na kukatika. Ni siku ambayo dobi yeyote huianza kwa kununa.

Mtaani tunamwita Dobi kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, na kwa sababu anaifanya vizuri kuliko wote tuwajuao. Anafua nguo na mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi. Mumewe yuko kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, mbali, huja anapopewa ruhusa. Nyumbani yupo yeye na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, na chumba cha pili anakaa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ni msusi. Mtoto alizaliwa mnene, mashavu yamejaa, wifi akamwita Bonge. Jina lilibaki hata unene ulipoanza kwenda zake.

Dobi hawezi kuvumilia harufu. Shuka likifika mikononi mwake hulinusa kwanza kabla ya kulitazama. Anajua jasho, anajua mkojo uliokauka, anajua maziwa yaliyomwagika na kufichwa chini ya godoro. Wenzake hutia manukato mengi kwenye maji ya mwisho, naye huwacheka. Kwake harufu haifichwi, hung'olewa. Huloweka, husugua, hutia limau, hupeleka juani, na kama haijatoka huanza upya na limau zaidi.

Kwa hiyo mdomo wa Bonge ulipoanza kunuka, miezi michache iliyopita, hakumuuliza mtu. Ilikuwa harufu chachu, kama chupa ya maziwa iliyosahauliwa kwenye mfuko. Alimpigisha mswaki. Alimfuta ulimi kwa kitambaa safi kilicholowa. Harufu ikarudi. Ndipo akaanza kumkamulia limau kwenye kikombe chake chenye masikio mawili, akatia maji na sukari, akamnywesha asubuhi na kabla ya kulala. Kwa muda mfupi mtoto alinukia vizuri. Kisha uchachu ukarudi mkali zaidi, na mama akaongeza limau.

"Wifi, huyo mtoto unamlea au unamfua?" msusi alimuuliza siku moja.

"Namsafisha."

"Bado kumpiga pasi tu."

Walicheka wote wawili. Lakini Bonge alikuwa ameshaanza kukataa kile kikombe. Alikuwa akikiona anakaza midomo na kupinda mgongo kama upinde. Dobi alimpakata, akamminya mashavu mpaka mdomo ukafunguka, akamimina. Alifanya hivyo kwa upole, akimwimbia. Baada ya kunywa mtoto alicheua, akakohoa, akalia. Mama akadhani ni deko.

Sasa Jumanne hiyo, mashuka yakiwa yameanikwa chini ya baraza kwa sababu ya manyunyu, simu ya Dobi iliita. Aliyepiga alikuwa mlezi wa kituo cha watoto wadogo ambako Bonge hushinda. Alimtaka aje mara moja.

Alimkuta mwanawe amekalishwa peke yake kwenye mkeka, karibu na dirisha.

"Mama Bonge, nisikilize bila kukasirika," mlezi alisema. "Mtoto ananuka mdomo, na si kidogo. Wenzake wanamkimbia."

"Nampigisha mswaki, dada. Kila siku."

"Sikatai. Lakini hata kula hali. Leo uji wote ameucheua, halafu akajikunja analia. Mpeleke hospitali. Mpaka waseme ana nini, mimi hapa simpokei."

Katika maneno yote hayo Dobi alisikia lile la kunuka tu. Alimfunga mtoto mgongoni, akarudi nyumbani akiwa ameinamisha kichwa, akatoa limau, akaanza kulikata. Hapo ndipo wifi yake alipoingia na kuambiwa yaliyotokea.

"Weka kisu chini," msusi alisema. "Twende hospitali."

"Nikamalize kwanza mashuka ya watu."

"Mashuka hayalii, wifi. Twende."

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Alimpima Bonge uzito, akaulinganisha na kadi yake ya kliniki. Alimwangalia kinywani kwa taa. Akauliza anakula nini, analalaje, anakunywa nini. Dobi alijibu kila swali kwa mpangilio. Alieleza chupa ya maziwa ya kulalia. Alipofika kwenye limau alieleza kwa urefu zaidi, maana hapo alijua amefanya bidii. Daktari aliacha kuandika.

"Nani alikushauri limau?"

"Hakuna. Ndiyo kazi yangu."

Daktari alihamisha kiti, akakaa karibu naye. "Mama, harufu haitoki mdomoni. Inatoka tumboni. Maziwa na tindikali ya tumbo vinapanda mpaka kooni, hasa anapolazwa ameshiba. Ndiyo maana anacheua na kukohoa. Koo lake limekuwa jekundu. Na limau lilikuwa linamwunguza palepale panapouma."

Wifi yake ndiye aliyeuliza kama atapona.

"Watoto wengi hupona. Nampa dawa, apewe kabla ya kula. Chakula kiwe kidogo kidogo, akimaliza akae wima, asilazwe. Chupa ya kulalia iache. Na limau basi. Lakini lazima ale. Amepungua sana. Akirudi wiki ijayo amepungua tena, nitamlaza, tumlishe kwa mpira wa kupitia puani."

Jioni Dobi alipika uji laini, akaupoza, akajaribu. Bonge aliukazia midomo. Akabadilisha kikombe akaleta bakuli. Akaacha bakuli akaleta kijiko. Akaonja mwenyewe, akatabasamu, akasema, "Tamu, baba, tamu." Mtoto hakutazama bakuli wala kijiko. Aliutazama mkono wa mama yake. Ulipokaribia alipinda mgongo, akapiga kelele mpaka akakohoa.

"Nipe mimi," wifi alisema.

Alimpakata, akapitisha kijiko. Bonge alimtazama usoni, akasitasita, akafungua mdomo.

Msusi alijaribu kutania. "Si unajua mimi ninavyovutia wanaume."

Dobi hakucheka.

"Atasahau, wifi. Watoto hawaweki mambo moyoni."

"Huyu anaweka," Dobi alisema. "Nilimminya mashavu, wifi. Anakataa, mimi namwimbia huku namminya. Nilidhani ni deko."

Alisogea tena na kijiko kingine, polepole, akiwa amepiga magoti. Bonge aliuficha uso wake kifuani mwa shangazi yake, na kijiko alichokuwa akikipokea vizuri akakikataa nacho. Hakula tena jioni ile.

Asubuhi iliyofuata Dobi aliamka mapema, akapika uji, akaupepea mpaka ukawa vuguvugu, akauweka kwenye kigoda pamoja na chupa ya dawa. Alimwita wifi yake. Mtoto alipoanza kujinyoosha kitandani, mama alitoka nje bila kumsalimia, akasimama nyuma ya mlango, mgongo wake ukigusa ukuta, mahali ambapo hawezi kuonekana. Alisikia dawa ikitikiswa. Alisikia kijiko kikigonga bakuli, kisha sauti ya wifi ikisema, "Haya, fungua tena, fungua kwa shangazi." Kijiko kiligonga tena, na tena. Aliposikia bakuli likikwanguliwa, alijiziba mdomo kwa upindo wa nguo, akazunguka nyuma ya nyumba ili asipite mbele ya mlango, akaenda kazini.