Kuanzisha Wimbo

Mimi siwezi kumwona mtu akitafuta neno nikanyamaza. Mume wangu husema nilizaliwa nikimsahihisha mkunga. Ukianza kuniambia, "Leo nimepitia pale," nimeshakumalizia kwamba ni sokoni, hata kama umetoka hospitalini. Kwa hivyo nilipopelekwa mtaa wa Kings Heath, huku kwa Waingereza, kumhudumia mzee ambaye kiharusi kilimwachia miguu, mkono mmoja na akili zake zote, kikamnyang'anya maneno, niliona kama Mungu ananichokoza.

Nilimwita Mzee, na alipenda. Mkewe nilimwita Mama; alinikataza, nikaendelea.

Mzee alikuwa mwimbaji. Yeye na wenzake walianza bendi wakiwa vijana wa Washwood Heath, ambako baba zao waliunda magari ya mizigo kiwandani. Muziki wao ulikuja mara tu baada ya ule wa vijana waliojitoboa mashavu kwa pini na kutemeana mate na mashabiki. Hawa akina Mzee hawakutema mate, ila walikuwa na huzuni zaidi: gitaa linalokwaruza, besi inayotembea peke yake kama mtu aliyegombana na mkewe, na juu yake sauti ya Mzee, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa inalalamika zaidi ya kuimba. Walilalamika hivyo zaidi ya miaka arobaini. Hawakutajirika. Walilala ndani ya gari lao huko Ujerumani, wakaachwa na kampuni ya rekodi, wakavunjika, wakarudiana, wakamzika mpiga ngoma wakatafuta mwingine. Haya yote nilisimuliwa na Mama tukikunja shuka. Nilimuuliza kwa nini hawakuacha tu. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hula.

"Waache, halafu wafanye nini?" akasema.

Sitawadanganya, mimi niliona ni kelele. Lakini Mama alikuwa akimpigia rekodi zao kila asubuhi akitumaini kitu kitafunguka, na kelele ukiisikia kila siku unaijua kwa moyo. Kulikuwa na wimbo mmoja kuhusu geti la kiwanda lililokutwa limefungwa. Neno lake la kwanza lilikuwa "Asubuhi", kwa Kiingereza chao. Siku moja nikiwa bafuni namsugua mgongo, kwa utani tu, nikalitoa hilo neno kwa sauti ile ile ya kulalamika. Na Mzee, ambaye alikuwa hawezi hata kuomba maji, akapokea. Akaimba mstari mzima. Akaimba na wa pili. Povu likanikaukia mikononi. Mama alipanda ngazi mbio akiwa na unga kwenye nywele, akaketi sakafuni kwenye maji, akalia.

Kumbe ni jambo ninalolijua tangu utotoni. Kanisani kwetu mmoja huanzisha na wengine hupokea, na mwanzishaji ni mimi. Nikampa Mzee nyimbo zake zote namna hiyo. Neno la kwanza langu, mengine yake. Kuzungumza alikuwa bado hawezi, lakini kuimba aliimba kama aliyefunguliwa kamba.

Ila ule wa geti hakutaka nimwanzishie. Nikifungua mdomo tu, anainua kiganja: nyamaza, ngoja. Mama akanieleza sababu. Wimbo ule miaka yote ulianza na yeye peke yake, bila gitaa wala ngoma. Alikuwa na tabia ya kusimama kimya mbele ya watu, akawaweka roho juu, kisha ndipo alitoe neno. Ulikuwa wa baba yake ule, aliyelikuta geti limefungwa. Alitaka auanze mwenyewe kama zamani, basi. Hakuwa na haja nyingine duniani niliyoweza kuiona.

Basi ananinyamazisha, nami nangoja. Midomo inakutana, inaachana. Mshipa wa shingo unasimama. Neno haliji. Mimi nikiona hivyo nashindwa kuvumilia, nalitoa, naye anauimba wimbo wote hadi mwisho huku akinitazama kwa hasira. Kila siku hivyo hivyo. Nilimwambia, "Mzee, asiyekubali kushindwa si mshindani." Akanirushia taulo.

Mpiga gitaa, mtu mrefu mwenye kipara aliyesoma naye shule moja, alipomsikia akiimba alisimama akaugeukia ukuta. Haukupita muda akaja na wazo: wapige tamasha la kuaga, hapo hapo Kings Heath, kwenye ukumbi ulio nyuma ya baa walikoanzia. Jumapili alasiri, kwa sababu mashabiki nao wamezeeka na hakuna anayetaka kusimama mpaka usiku. Fundi wa mitambo angenipa maikrofoni ndogo, nisimame kando ya jukwaa, na sauti yangu iingie sikioni mwa Mzee tu, kupitia kidude.

Rafiki yangu wa kwaya, nesi anayekaa Alum Rock, alinipigia simu mara aliposikia.

"Wee! Yaani unatuwacha bila soloist on Sunday juu ya wazungu wa gitaa?"

"Ni kazi."

"Kazi gani? Uko on shift ama uko on stage?"

"Mzee akikwama, nani atamwanzishia?"

"Haya. Lakini usiturudie na nywele za green."

Siku yenyewe ukumbi ulijaa wazee wenye fulana nyeusi zilizobana tumbo. Wengine walikuja na fimbo. Nilisimama nyuma ya pazia na sketi yangu ya kanisani, maikrofoni mdomoni. Mzee akaletwa jukwaani, watu wakapiga kelele mpaka mbao zikatetemeka. Nikatia neno la kwanza, akapokea. Nikatia la wimbo wa pili, akapokea. Mwanamume mzima mstari wa mbele alikuwa analia bila kujifuta. Sitajificha, nilijiona mtu mkubwa. Nyimbo zilezile nilizoziita kelele nilikuwa naziachia moja moja, na ukumbi mzima unasimama juu yangu bila kujua nipo.

Kisha ukafika ule wa geti, wa mwisho. Mpiga gitaa akatoa mkono kwenye nyuzi. Mzee akageuka akanitazama. Kisha akachomoa kile kidude sikioni, taratibu, akakitia mfukoni mwa shati.

"Asubuhi," nikasema. "Mzee. Asubuhi." Nilikuwa naongea na mfuko wa shati.

Ukumbi ukatulia. Walikuwa wanaijua tabia yake, wakadhani anawaweka roho juu kama zamani. Kutoka nilipokuwa niliuona mshipa wa shingo. Niliiona midomo inakutana, inaachana. Ningeweza kupiga kelele, sauti ninayo, nimeshaamsha kanisa zima. Nikavuta pumzi. Bila hata kunitazama, akainua kiganja.

Nikanyamaza. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu.

Sijui tulingoja kiasi gani. Mwanamke mmoja mbele akashindwa, akalitoa neno. Wa pembeni yake akadaka, na kabla sijapepesa jicho ukumbi wote ulikuwa unaimba. Mzee akawageuzia kiganja wao. Ngojeni. Nyamazeni, ngojeni. Nao walipokiona kiganja wakafurahi, wakainua vyao, mamia ya viganja juu, wakaimba kwa nguvu zaidi. Mpiga ngoma akaingia. Mzee akatikisa kichwa, hapana, hapana, nao wakatikisa vichwa pamoja naye. Nilikuwa nimeshika maikrofoni kwa mikono miwili na hakuna mtu duniani aliyekuwa upande wa pili. Nililia kwa uchungu, na fundi wa mitambo akanipigapiga begani akisema ni kweli, inaliza sana.

Nyuma ya jukwaa watu walikuwa wanakumbatiana. Mpiga gitaa alisema miji mingine imeshaanza kuulizia, huenda wakapiga tena. Mama alinishika mashavu.

"Uliona alivyowaachia wimbo? Aliwapa! Aliwapa wote!"

Mzee alikuwa kwenye kiti, jasho limelowesha shati, ananitazama mimi. Nilijua anataka niseme. Alikuwa hana mtu mwingine wa kumsemea. Nikafungua mdomo, nikauona uso wa Mama, uliokuwa haujafurahi namna ile tangu nimjue.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Niliona." Mzee akageuza uso.

Jumatatu nilirudi kazini. Mama alikuwa amekwenda dukani, simu ya mezani haikukoma kulia. Nilimwogesha Mzee bila kuanzisha wimbo wowote, nikamketisha dirishani, nikamwekea chai. Nilipochukua koti langu akainua kiganja.

Nikaliweka koti, nikaketi. Midomo ikakutana, ikaachana. Neno nilikuwa nalo, limenijaa kinywani kama tonge la moto. Basi langu likapita nje. Likapita la pili. Chai ikafanya utando. Mkono wake ulianza kutetemeka kwa kuchoka, ukawa unashuka, naye hataki ushuke. Nikasogeza kiti, nikamshika chini ya kiwiko nikauinua, tukaendelea kungoja.